Hela Yangu Niliitunza Suma

Tusekile,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Umenuna. Umenuna tangu Jumapili, siku tano nzima umekula kwenye nyumba yangu bila kuniangalia usoni, na leo mchana umebeba mwavuli wangu ukaenda Bagamoyo kusuka nywele za safari, hukuaga. Ni Bagamoyo yetu hii ya hapa mjini, si mbali, ningeweza kukufuata nikakusema hukohuko kwa msusi mbele za watu. Mwavuli unao wewe. Kwa hiyo nimekaa, mvua inapiga bati, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wenzangu wakiuliza nitawaambia umezichana wewe.

Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Makambako. Usitegemee humu nikuandikie habari za sweta, na kuchemsha maji, na kuchagua wapangaji wenzako. Una miaka ishirini na saba. Kama hayo hujayajua mpaka leo, basi nimeshindwa, na karatasi haitasaidia.

Naandika kwa sababu ya swali lako la Jumapili. Mama mchungaji alikuwepo, na wale wanakwaya wawili waliokuja kukuaga. Mimi nilisema, tena kwa upole, kwamba hela yako ya kupunguzwa kazi usimkabidhi mchumba wako Gwakisa aizungushe dukani kwake. Ukacheka. Ukaweka kikombe chini, ukasema, "Kwani mama, wewe ya kwako uliitunza wapi?"

Wageni wote wakaangalia chai yao.

Hukuuliza ili ujue. Uliuliza kunichoma, na ulinichoma kweli, hongera. Unajua jibu, au unadhani unalijua: hela yangu niliitunza Suma kwa mjomba wako Ambakisye, naye akaila. Hivyo ndivyo nilivyokuambia mwenyewe. Sasa kaa chini nikuambie tena, na safari hii usinikatize.

Miaka kumi na minane nilisimama kwenye chumba cha kuchambua chai. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi, vumbi la chai puani, masikioni, hata kwenye mkate wako wa shule ulikuwa ukilalamika kwamba unanuka kiwanda. Siku waliyoleta mashine mpya walituita uwanjani wanawake thelathini, bwana mmoja mwenye tai akatushukuru sana, na alivyokuwa anazidi kutushukuru ndivyo nilivyozidi kuelewa. Mwezi uliofuata hela ikaingia benki. Sikuwahi kuona hela nyingi namna ile kwa jina langu. Nilitoka benki nikapita njia ya nyuma, nikaogopa hata kununua nyanya, nikidhani muuza nyanya ataona usoni.

Hakuna aliyetufundisha kitu. Walitufundisha kutofautisha daraja la kwanza la chai na la pili kwa kidole tu, macho yamefumbwa, lakini hela ya kukaa nayo bila kazi, uile kidogo kidogo isiishe, hilo halikuwa kazi ya mtu. Tulishauriana wenyewe. Mmoja akapandisha nyumba. Mmoja akamkopesha shemeji yake. Mimi nilijiona mwerevu kuliko wote. Nilisema, hela ikikaa benki ndugu watajua, na wakijua wataomba, na wakiomba nitatoa, kwa sababu najijua. Ng'ombe haombwi. Hakuna mtu anayekuja kwako jioni akasema nigawie mguu wa ng'ombe, mtoto anaumwa.

Kiwanja chetu hapa Ibighi unakijua, ukinyoosha mikono umegusa kwa jirani. Mjomba wako alikuwa na nafasi Suma, na majani, na banda alilolijenga kwa mikono yake. Nikanunua mitamba watatu wa maziwa, wote wana mimba, nikawapeleka kwake. Hilo kwetu si jambo geni. Mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mlangoni kwake ambapo kila mpitaji anawahesabu. Anawaweka kwa ndugu, ndugu anapata maziwa ya watoto na mbolea, wewe unapata kinachouzwa. Ndivyo babu zako walivyofanya. Niliona nimefunga kila mlango.

Tena ilikwenda vizuri, Tuse. Nataka ulijue hilo, maana umekua ukidhani tangu siku ya kwanza niliibiwa. Mwaka mzima na nusu Ambakisye alipeleka maziwa kituoni asubuhi na jioni, na kila Jumamosi akanitumia hela kwenye simu, mpaka shilingi mia ya mwisho. Siku ng'ombe alipougua kiwele alinipigia saa kumi na moja alfajiri kunieleza, kana kwamba mimi ni bosi wake. Sisi tulikula maziwa yale. Viatu vyako vya kidato cha nne vilikuwa maziwa. Na kwa hesabu yetu, mimi na yeye, ada ya chuo chako cha uuguzi ingetoka kwa ndama wawili wa kwanza, na wale watatu wakubwa wangebaki palepale wakiendelea.

Halafu baba yangu akafa.

Ulikuwa na mitihani, ukaja siku ya maziko tu ukarudi. Hukuona siku zilizofuata kule Suma. Unajua misiba ya kwetu ilivyo. Watu hawaji kulia wakaondoka. Walikuja kutoka Mwakaleli, walikuja kutoka Kyela, walikuja watu ambao baba hajawahi hata kuwataja, na wote walikuwa wanakula. Siku ya kwanza Ambakisye alichinja dume lake mwenyewe, la pekee alilokuwa nalo. Likaisha. Siku ya tatu tukapika ndizi na maharage. Nami nilikuwa naosha sufuria pale nje, nikawasikia akina mama wawili, sitawataja, mmoja ameshakufa, wakisema kwamba msiba wa mzee wa jirani walianguka ng'ombe wanne, na wa baba yetu mmoja tu na maharage, na binti yake si ndiye yule aliyelipwa na kiwanda?

Tusekile, nilisikia moto unaanzia miguuni.

Wakati huohuo Ambakisye akaniita nyuma ya jiko. Hapa ndipo nilipokudanganya, kwa hiyo soma polepole. Hakuniita kuniomba. Aliniita kunituliza. Alisema, kwa Kiswahili chake kile kisicho na z, "Dada, watu ni wengi. Nimeongea na jirani anipe dume lake kwa deni, nitalipa nikiusa ndisi. Nimekuambia mapema usije ukaogopa. Wa kwako siwagusi."

Hayo ndiyo maneno yake. Wa kwako siwagusi.

Na mimi nikafanya nini? Nilitoka nyuma ya jiko, nikasimama katikati ya wale akina mama, na mikono yangu ina masizi, nikasema kwa sauti kubwa, "Msiba wa baba yangu hauliwi kwa maharage. Chinjeni wa kwangu, wawili."

Wakapiga makofi. "Ndaga fijo, mama! Ndaga fijo!" Walinishukuru hivyo mpaka kaka zake baba wakatoka chini ya turubai kuja kuona kuna nini. Mzee mmoja alinishika kichwa akasema kumbe mzee alizaa dume. Yule mama aliyekuwa ananisema akanipokea sufuria, eti nisioshe tena, mtu kama mimi. Nikakaa kwenye kiti. Ndiyo, walinitafutia kiti.

Ambakisye akanifuata pale kwenye kiti, akainama. "Dada, yule mkubwa ana mimba ya miesi saba. Na chuo cha Tuse?"

Nikamwambia, "Ng'ombe ni wa nani?"

Alikwenda bandani akawafungua mwenyewe. Yule mkubwa alimzoea, alimfuata bila kuvutwa. Walipompasua walimkuta ndama, ameshaota manyoya. Ambakisye alimzika kule chini kwenye migomba, hakutaka mbwa wamguse. Mimi nyama ile nilikula, na nilisifiwa siku mbili nyingine, na sitakudanganya tena, nilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa mwanamke wa kiwandani aliyeachika na mtoto mmoja. Siku zile mbili nilikuwa mtu.

Yule wa tatu na wale ndama niliwauza baada ya miezi mitatu kwa bei ya kutupa, tukawala kwa unga na sabuni.

Halafu barua ya chuo ikaja. Ulikuwa umesimama pale mlangoni unapoweka viatu, barua mkononi, umevaa gauni la bluu, unacheka peke yako. Ukaniuliza, "Mama, ada tunaipeleka lini?" Nikakuambia hakuna ada. Ukauliza hela iko wapi, ng'ombe wako wapi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nakuona unavyonitazama, wewe ambaye hujawahi kunitazama vibaya mpaka siku hiyo, na nikaona kwamba nikisema ukweli hutanitazama hivyo tena.

Nikasema, "Kamuulize mjomba wako."

Maneno matatu tu hayo. Sikusema ameiba. Nimejitetea kwa hilo miaka tisa, kwamba sikutamka neno kuiba. Ulilitamka wewe. Kesho yake ulikwenda Suma kwa miguu, na mvua kama ya leo, ukasimama uwanjani kwake ukamwita mwizi mbele ya mke wake na majirani, ukatema mate chini. Mke wake alitaka kukujibu, mjomba wako akanyoosha mkono akamnyamazisha. Halafu akakata jani la mgomba, akakushikia juu ya kichwa mpaka barabarani. Wewe mwenyewe ulinisimulia uliporudi. Ulisema, "Hakuwa na neno hata moja, mama. Mwizi hana la kujibu." Nami nilikuwa nakaanga vitunguu. Niliendelea kukaanga.

Tangu hapo hatujakanyaga kwake. Mkewe alipojifungua hatukwenda. Ulipomkuta sokoni ulihama upande wa pili wa barabara. Na mimi nilikuwa naona, nikasema kesho, nikasema Pasaka, nikasema ukipata kazi. Ukapata kazi kwenye kampuni ya kufungasha parachichi, ukasimama miaka saba kwenye chumba cha baridi unachambua parachichi kama mimi nilivyochambua chai, na hapo nikasema, amenizidi mshahara, amesahau.

Hukusahau. Jumapili nimeona.

Na wewe pia una lako, usidhani karatasi hii yote ni ya kunipiga mimi. Miaka tisa hukuuliza mara ya pili. Msichana mwenye akili kama zako, uliyekuwa unasahihisha mahubiri ya mchungaji tukirudi nyumbani, hukujiuliza hata siku moja kwa nini mwizi ashike jani la mgomba juu ya kichwa cha anayemtukana. Ilikufaa. Ukishindwa kitu, ni mjomba. Ukichoka miguu kazini, ni mjomba. Nilikupa mtu wa kumchukia ukamtumia vizuri sana. Nimekukasirikia kwa hilo, na najua sina haki, na bado nimekukasirikia.

Sasa tuje kwa Gwakisa.

Simchukii Gwakisa. Ananyoa vizuri, anasali, ananiita mama kabla hajaruhusiwa na mtu. Duka lake la mbolea na mbegu huko Makambako nimeliona kwenye picha zako mara nyingi kuliko ninavyouona uso wako. Ukiniuliza kama ni mwizi, nitakuambia si mwizi. Hicho ndicho kinachonitisha. Mwizi ungemfungia mlango.

Wewe unasema, atazungusha, na kila mwisho wa mwezi atakupa ya kula mpaka upate kazi. Sawa. Miezi minne, mitano, atakupa, mpaka shilingi mia ya mwisho. Halafu msimu utakuja vibaya, au mvua itakata barabara na mzigo wake ukalala njiani, au mama yake ataugua. Hataigusa hela yako. Atakuita pembeni akuambie, "Usiogope, nitakopa kwingine, ya kwako siigusi." Na pale patakuwa na dada zake, na mama yake, na wanakutazama kuona ndoa hii inaleta mwanamke wa namna gani. Na wewe ni mtoto wangu. Utatoka nyuma ya jiko na utasema chukua yote.

Na watakupa kiti.

Hilo ndilo nililotaka kulisema Jumapili, ukacheka. Mimi sikuibiwa. Hakuna aliyeniibia hata nywele. Nilikuwa nimeficha hela yangu isiombwe, na kweli haikuombwa, niliitoa mwenyewe mahali ambapo hakuna aliyenyoosha mkono. Niliwaogopa ndugu miaka yote, kumbe wa kuogopwa alikuwa amekaa ndani ya gauni langu.

Unamkumbuka yule mwenzangu wa meza ya pili, Mama Lusajo, tuliyekuwa tunamcheka kwa viatu vyake vya plastiki? Alilipwa siku moja na sisi, hela ileile. Aliiacha benki. Akaenda dirishani akawaambia waifunge, kila miezi mitatu afungue kidogo, na kile kidogo akakigawa sawa na mshahara wa kiwandani, si zaidi hata siku ya Krismasi. Ndugu walipomwuliza, akawaambia kiwanda bado hakijalipa. Miaka mitatu, Tusekile! Miaka mitatu anawaambia bado hawajatulipa, na anawatukana matajiri pamoja nao, na viatu vilevile. Tulimcheka sana. Tulisema ana roho ya sumu. Msiba wa mama yake alikuja na debe la mchele na mboga za bustanini, watu wakamsema waziwazi, akaosha vyombo mpaka mwisho, akaenda zake. Hakuna aliyempa kiti.

Ile hela ilimvusha mpaka miparachichi yake ikazaa. Hilo tu. Haikuzaa yenyewe, haikumfanya tajiri, ilimvusha. Hela ya kupunguzwa kazi si mtaji na si zawadi, ni mshahara wako waliokupa wote kwa mkupuo ili wasikuone tena. Mimi niliifanya ng'ombe, nikaifanya ada, nikaifanya heshima. Yeye aliiacha iwe mshahara.

Kwa hiyo ukiniuliza, na hukuuliza, iache benki kwa jina lako peke yako, mahali ambapo ukitaka kuitoa nyingi lazima uende kwa miguu yako, ukae kwenye foleni, na mtu usiyemjua akuulize una hakika. Ile foleni ndiyo ninayoizungumzia. Kama Suma pangekuwa na foleni siku ile, kama ningeambiwa rudi Jumatatu, masifa yangenitoka njiani. Kwenye simu weka ya mwezi tu. Hela ikikaa kwenye simu, kila anayekupigia anaisikia inapumua. Na Gwakisa mpende. Mpikie, mkaangie, muoane, ukitaka umsaidie dukani bure. Siku ukimpa hela iwe umempa, ukijua imekwenda, usimpe akutunzie. Kumpa mtu unayempenda akutunzie hela ni kumweka yeye kwenye ubaya kabla ya siku ya ubaya. Mimi nilimweka kaka yangu humo.

Sijamaliza.

Jumatano ulipoamka hukunikuta, ukadhani nimekwenda sokoni. Nilikwenda Suma. Sijui kwa nini nilivaa gauni la kanisani. Nilimkuta bandani, ana ng'ombe mmoja sasa, anamkatia majani. Amezeeka. Nilisimama mlangoni mwa banda nikamwambia ugonile, akaitikia, akaendelea kukata. Hakunikaribisha ndani. Hakunipa hata kigoda, na mimi nilikuwa nimechoka.

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia siku ile ya msiba mimi ndiye niliyesema, wewe hukusema, na mtoto nikamwambia hivi na hivi. Akaniacha niseme kidogo. Halafu akaweka panga chini.

"Dada, usinielese mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akaokota tena lile panga.

"Nenda kamwelese asiyekuwepo."

Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Miaka yote hii, ungetuma mtu, ungempigia simu, ungesimama kanisani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga. Akasema mtoto alikuwa ndiyo kwanza amepoteza chuo, na asingeweza kumpotezea na mama.

Nililia njia yote ya kurudi, na hasira, siwezi kukuambia ya nani. Yake pia. Ningependa angenitukana. Nilikwenda tayari kutukanwa, nilikuwa hata na majibu yangu. Nimefika nyumbani nikakukuta umekaa mlangoni na simu, unacheka na Gwakisa, uliponiona ukaacha kucheka. Nikasema nitamwambia usoni. Alhamisi sikuweza. Leo umekwenda kusuka, na mimi nimeandika, kwa sababu karatasi hainuni.

Basi jibu la swali lako ni hili, na uende nalo Makambako, na ukipenda uwasomee mama mchungaji na wanakwaya wake. Hela yangu niliitunza kwa mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwajua. Hakupoteza hata senti. Nikaimaliza mimi, kwa mdomo wangu, nimekaa kwenye kiti.

Fanya unavyotaka na ya kwako. Umeisimamia miaka saba kwenye baridi, si mimi. Ukimpa Gwakisa sitakuja kukusema, nimeshasema.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Gari lako ni la saa mbili, lakini magari ya kwenda huko yako mpaka mchana, usijifanye hujui. Kuna kijana wa bodaboda nimeshamlipa, kwenda na kurudi. Atakuwa hapa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, anaijua nyumba ya Ambakisye. Panda au usipande. Mimi sitatoka chumbani kuona umeelekea wapi, nitasikia tu pikipiki.

Mjomba wako hajui kama utakwenda. Sikumwahidi chochote, ahadi zangu anazijua. Kama utakwenda, usimpelekee salamu zangu na usimwombee radhi kwa niaba yangu, zangu nitazipeleka mwenyewe mpaka anipe pa kukaa. Wewe peleka za kwako. Atakapokusindikiza barabarani, mvua itakuwa inanyesha, unapajua Suma. Chukua mwavuli wangu, na safari hii umshikie wewe.

Mama yako, niliye chumba cha pili na sijalala